Safari ya mapumziko: utajuaje kama inastahili hela yako kabla hujalipa hata senti

Hili swali wengi tunalijibu kwa mihemko. Unaona picha za mtu mtandaoni, unaona ofa inaisha usiku wa leo, kazi imekuchosha mpaka kichwa kinagonga, basi unalipa, alafu hesabu unakuja kuzipiga ukiwa umesharudi na akaunti imekauka. Kuna mwingine hela anayo, siku za likizo zimerundikana, lakini kila akifikiria kusafiri anajiona anafuja, anasema mwakani, mwakani, miaka inakatika na watoto wanakua. Wote wawili wana tatizo moja, hawajakaa chini wakahesabu. Kwahiyo chukua daftari au fungua sehemu ya kuandika kwenye simu, maana kuna vitu vya kuandika humu, na usiruke hatua ya pili, hiyo ndo imebeba kila kitu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Safari inastahili hela pale unapojua inakupa kitu gani, hicho kitu hukipati kwa njia ya bei nafuu zaidi, na hela yenyewe ipo tayari mkononi. Kimoja kikikosekana, ahirisha, na kuahirisha si dhambi.

Hatua ya 1: Tenganisha siku za kupumzika na hela ya kusafiri

Watu wanachanganya maswali mawili kuwa moja. La kwanza ni je, niache kazi kwa siku kadhaa nipumzike? La pili ni je, nitoe hela niende mahali? La kwanza jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha wiki 3 za likizo yenye malipo kwa mwaka mmoja wa kazi, na unasema makubaliano ya mfanyakazi kuiachia hiyo likizo ya chini ili alipwe fidia ni batili. Si kila nchi imeuridhia, ila fikiria tu, watu walikaa wakaona mapumziko ni kitu ambacho hata mwenyewe usiruhusiwe kukiuza.

Alafu kuna utafiti wa Helsinki, huko Finland, uliowafuatilia wanaume 1,222, mameneja wa umri wa kati, waliokuwa na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo, walioandikishwa mwaka 1974 na 1975. Nusu yao walipewa ushauri wa afya wa karibu. Ndani ya kundi hilo lililopewa ushauri, wale waliokuwa wakichukua likizo ya wiki 3 au pungufu kwa mwaka walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa 37% wa kufariki kati ya 1974 na 2004 kuliko waliochukua zaidi ya wiki 3. Sasa usiuchukue huo kama ushahidi kwamba likizo pekee inarefusha maisha, maana aliyekosa likizo huenda alikuwa anafanya kazi mno na analala kidogo pia. Ila angalia kilichopimwa pale: wiki za likizo. Hakuna aliyeulizwa alilala hoteli ya nyota ngapi.

Kwahiyo andika kwanza tarehe za kupumzika, ziombe kazini, zifunge. Hizo ni zako hata kama utakaa nyumbani. Ukishazifunga, swali la safari linakuwa jepesi sana, kwa sababu hulipi tena kwa uchovu, unalipia kitu cha ziada juu ya mapumziko ambayo tayari unayo. Kama umejiajiri kwako hii hatua ina uchungu wake, kila siku usiyofanya kazi ni siku isiyoingiza, ila hilo tutaliweka kwenye bei huko chini.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja, unatafuta nini

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Andika sentensi moja inayoanza na "Nataka nirudi nikiwa..." alafu imalizie. Nikiwa nimelala vya kutosha. Nikiwa nimekaa na mama siku kadhaa bila haraka. Nikiwa nimeona kitu ambacho sijawahi kuona. Nikiwa nimejifunza kuogelea. Ukishindwa kuimalizia, au ukiandika tu "nikiwa nimesafiri", bado hujajua unanunua nini na hakuna bajeti itakayokusaidia.

Wanasaikolojia wawili, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007 walitengeneza kipimo cha namna mtu anavyojirudishia nguvu akiwa nje ya kazi, na walikigawa sehemu nne. Kuiondoa kazi kichwani kabisa. Kutulia mwili na akili. Kujifunza au kuweza kitu kipya. Na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. Mi naona hii ndo orodha nzuri kuliko zote ya kupimia safari, kwa sababu ukiichukua ukaiweka juu ya safari unayoifikiria, kasoro zinajionyesha zenyewe.

Chukua ziara ya kundi yenye ratiba, kuamka saa kumi na moja alfajiri, basi linaondoka saa kumi na mbili, vituo sita kwa siku moja, kila kituo dakika arobaini. Kujifunza kupo. Uamuzi juu ya muda wako haupo kabisa, na kutulia hakupo. Kama sentensi yako ilikuwa "nikiwa nimelala vya kutosha", hiyo ziara hata wakikupa kwa nusu bei ni hasara kwako. Kwa mtu mwingine aliyeandika "nikiwa nimeona mambo mapya" inaweza kuwa hela iliyotumika vizuri kuliko zote za mwaka ule.

Na hapa kwenye kuiondoa kazi kichwani niseme kidogo zaidi, maana ndo inavuja hela bila watu kujua. Umelipia chumba, umekaa mahali umetazama maji, simu inatetemeka, grupu la kazini, "samahani najua uko likizo, swali moja tu". Unajibu kwa dakika mbili. Ila kichwa hakirudi kwa dakika mbili, saa nzima inayofuata uko ofisini huku mwili wako uko pale ulipolipia. Kama unajua wazi kwamba kazi yako haitakuachia, hakuna mtu wa kukushikia nafasi, kila siku utashika simu, basi usinunue safari ya gharama kwa lengo la kutuliza akili. Subiri kipindi ambacho utaachiwa, au tumia hizo hela kumlipa mtu akushikie.

Kama mnasafiri wawili au familia, kila mtu aandike sentensi yake peke yake alafu ndo mlinganishe. Usiandike ya mwenzako. Mara nyingi mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mi nataka kulala tu, nisiamshwe na mtu."

"Kulala si utalala hapa hapa nyumbani, mume wangu? Mi nimechoka na hizi kuta."

Hawa wakikata tiketi bila kuyaongea haya watagombana siku ya pili asubuhi, mmoja amevaa viatu yuko mlangoni na mwingine bado yuko chini ya shuka, na kila mmoja atakuwa ameona safari imeharibika wakati hela imetoka ile ile. Wakiyaongea mapema wanaweza kupanga siku mbili za mwanzo hakuna kengele wala ratiba, anayetaka kutembea atembee mwenyewe, alafu siku zinazofuata wanatoka pamoja. Haiongezi hata senti kwenye bajeti. Na watoto nao waulizwe, wao mara nyingi wanataka kitu kidogo sana kama maji ya kuchezea na mzazi ambaye hajashika simu, sasa ukilijua hilo unaweza kukuta safari uliyokuwa unapanga ilikuwa ni kubwa mara tatu ya waliyoihitaji.

Hatua ya 3: Tafuta bei kamili, ile ya mlango hadi mlango

Bei ya tiketi na chumba ni mwanzo tu. Anza kuhesabu kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani mpaka unapoufungua tena. Usafiri wa kwenda stendi au uwanja wa ndege na wa kurudi, mizigo ya ziada, visa kama inahitajika, bima ya safari, chanjo kama nchi unayoenda inazitaka, kula kila siku bila jiko lako, usafiri wa ndani, viingilio, intaneti, zawadi za kupeleka nyumbani, mtu wa kuangalia nyumba au mifugo, nguo ambazo lazima zinunuliwe. Angalia na pasipoti, nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele, na kuibadilisha kwa haraka kuna gharama zake. Kama umejiajiri ongeza pato utakalokosa. Alafu juu ya jumla yote weka asilimia 15 hadi 20 ya dharura, na hiyo usiiguse kwenye mipango, iwepo tu.

Ukishapata namba kubwa, usiilinganishe na mshahara wako. Mshahara wote si wako, kodi ya nyumba, chakula, ada, umeme, vyote vinasubiri. Linganisha na kile kinachobaki. Tuseme kila mwezi unapokea 100, mambo ya lazima yanakula 75, kinabaki 25. Safari yako yote ni 150. Kwa mshahara utasema ni mwezi mmoja na nusu, mbona kawaida. Kwa kinachobaki ni miezi 6 kamili. Yaani miezi sita ya kila kitu ambacho ungeweza kukifanya kwa uhuru wako, kuweka akiba, kuendeleza kiwanja, kozi, kusaidia ndugu, vyote vimeingia kwenye hizo siku. Sasa jiulize ile sentensi ya hatua ya pili, inastahili miezi sita? Inawezekana jibu likawa ndiyo kabisa, kumpeleka mzazi mahali alipopatamani maisha yake yote mimi ningetoa hata miezi kumi. Ila lijibu ukiwa unaiona namba ya kweli.

Hatua ya 4: Hela ipo, au unakopa?

Hapa sina maneno laini. Safari ya mapumziko kwa mkopo usifanye. Msiba, ugonjwa, harusi ya mdogo wako, hayo ni mambo mengine. Nazungumzia kupumzika.

Tuangalie hesabu. Umekopa 100 kwa mwaka mmoja kwa riba ya 24%, unalipa kila mwezi sawa sawa. Kama riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, utarudisha kama 113 na nusu. Kama inahesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, utarudisha 124, na ukiipima sawasawa hiyo ni riba ya zaidi ya 40% kwa mwaka, kwa sababu unaendelea kulipia riba ya hela ambayo ulisharudisha zamani. Asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi ni ile ile 24. Wengi hawaulizi ni ipi. Na mpango wa kulipa kidogo kidogo baada ya safari, huo wa kwenye programu za simu, usome vizuri, ukichelewa awamu moja tozo zake zinaweza kumeza ofa yote uliyofurahia.

Mbali na riba kuna jambo la moyoni. Drazen Prelec na George Loewenstein, mwaka 1998, waliandika kuhusu uchungu wa kulipa. Waliwauliza watu, kama ungelipa kwa awamu, ungependa awamu ziwe kabla au baada? Kwa mashine ya kufulia wengi walitaka kulipa baada, huku inatumika. Kwa safari ya mapumziko wengi walitaka kulipa kabla. Na ina mantiki, mashine bado unayo ukiwa unailipia, safari imeshaisha. Hakuna raha kukatwa hela mwezi wa saba baada ya kurudi kwa ajili ya chumba ambacho hukumbuki hata namba yake.

Kwahiyo geuza. Ile ile awamu uliyokuwa tayari kulipa baada, anza kuiweka kabla, kwenye akaunti ya pembeni yenye jina la safari. Kabla mwaka haujaisha unayo 100 bila riba. Na kuna faida ambayo haionekani kwenye hesabu: kusubiri. Utafiti wa Jeroen Nawijn na wenzake wa mwaka 2010 uliwaangalia watu wazima 1,530 wa Uholanzi, 974 kati yao wakiwa wameenda likizo, ukakuta waliokuwa wanajiandaa kusafiri walikuwa na furaha zaidi kuliko wasiosafiri, kabla hata hawajaondoka. Miezi ya kuweka akiba huku unaangalia ramani na kupanga ni sehemu ya kitu ulichokilipia. Aliyekopa leo akaondoka kesho ameikosa.

Kabla ya akiba ya safari lakini, hakikisha una akiba ya dharura. Kama leo ukipata tatizo dogo tu unaanza kupigia watu simu, basi hiyo ndo kazi ya kwanza ya hela zako, safari itasubiri.

Hatua ya 5: Ilinganishe na njia nyingine ya kupata kile kile

Rudi kwenye sentensi yako. Andika chini yake njia mbili za bei ndogo za kufikia kitu hicho hicho. Umeandika kulala? Siku nne nyumbani, simu imezimwa, umelipa mtu afue na kusafisha, watoto wako kwa bibi yao. Umeandika kukaa na mama? Nenda kwa mama. Umeandika kuona kitu kipya? Huenda kipo mahali pa kwenda na kurudi siku moja na hujawahi kwenda kwa sababu ni karibu.

Kama njia ya bei ndogo inakupa karibu yote, chukua hiyo na tembea bila kuangalia nyuma. Kama unaisoma na moyo unasema hapana, hii haifiki hata robo, hapo umepata ushahidi mzuri kwamba safari yenyewe ina kitu cha kipekee. Kuna vitu havina mbadala kweli. Mtoto ana miaka saba mara moja tu. Mzazi mwenye magoti yanayouma leo, baada ya miaka mitano anaweza asipande ngazi za ndege. Marafiki wa zamani ambao kila mtu yuko bara lake, kuwakusanya wiki moja hakuna namna nyingine. Vitu vya namna hii mi huvipa uzito mkubwa kuliko vya "siku moja nitaenda", kwa sababu mahali pataendelea kuwepo ila watu na umri havisubiri.

Na usiogope kwamba hela ya safari inapotea kwa sababu hakuna kitu kinachobaki mkononi. Leaf Van Boven na Thomas Gilovich, mwaka 2003, waliwauliza watu kuhusu manunuzi yao, na kwa ujumla walisema yale ya kuishi jambo, kama safari au tamasha, yaliwapa furaha zaidi kuliko ya kumiliki kitu. Simu mpya unaizoea, na jirani akinunua kubwa zaidi unaiona yako ndogo. Siku uliyopotea njia na mdogo wako mkacheka mpaka usiku hakuna anayeweza kuilinganisha na yake.

Ila kama unaenda ili uonekane umeenda, acha. Jipime hivi: kama ungekatazwa kupiga picha na kumwambia mtu yeyote, ungetoa hela ile ile? Kama bei uliyo tayari kutoa inashuka sana, hiyo tofauti ndo kiasi unacholipia macho ya watu.

Hatua ya 6: Siku ngapi

Watu wanadhani siku nyingi ndo thamani kubwa. Si lazima. Jessica de Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 54 waliokuwa na likizo ndefu, wastani wa siku 23. Afya na hali ya moyo ilipanda haraka, ikafika kileleni kama siku ya nane, na baada ya kurudi kazini ikashuka mpaka pale pale ilipoanzia ndani ya wiki ya kwanza. Ule wa Nawijn nao ulikuta baada ya safari wengi hawakuwa na furaha zaidi ya waliobaki nyumbani, isipokuwa wale waliosema safari yao ilikuwa ya utulivu kabisa.

Ukisoma hivyo unaweza kusema basi haina maana. Mi naisoma tofauti. Kama nafuu inaisha haraka hata baada ya wiki tatu, basi ni bora kupumzika mara kadhaa kwa mwaka kuliko kurundika kila kitu kwenye safari moja kubwa inayokomba akiba yote. Safari moja ya siku nane au tisa na wikiendi ndefu mbili zilizotawanyika, kwa bajeti nyingi, zinashinda safari moja ya wiki tatu. Tofauti ni pale unapoenda mbali sana. Ukivuka majira mengi ya saa mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na nauli ni ile ile ukikaa siku nne au kumi na nne, kwahiyo huko ukienda kaa.

Hatua ya 7: Weka hela panapokumbukwa, kata pasipokumbukwa

Daniel Kahneman na wenzake mwaka 1993 waliwafanya watu waweke mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakaweka sekunde 60 zile zile, alafu wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa kidogo mpaka nyuzi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu zaidi kwa jumla, kwa sababu liliisha vizuri kidogo. Kumbukumbu haijumlishi dakika zote. Inashika pale palipokolea zaidi na pale mwisho.

Hii ni zana ya bajeti kabisa. Panga jambo moja kubwa, moja tu, ambalo mtu atalisimulia, na ulilipie bila kubana. Mengine ya kati yawe ya kawaida. Chumba cha kulala tu, kama unatoka asubuhi na kurudi usiku, hakihitaji mandhari. Alafu siku ya mwisho usiiharibu kwa ajili ya kuokoa hela kidogo. Ndege ya saa tisa usiku yenye kuunganisha mara mbili ni nafuu, ila watoto wanalia, mmekaa sakafuni uwanjani, mnafika nyumbani mmenuniana na kesho yake ni kazi, na hiyo ndo picha ya mwisho mtakayobaki nayo. Kama kuna sehemu ya kuongeza hela ni kurudi vizuri, na siku moja nzima nyumbani kabla ya kuripoti kazini.

Pa kukata pako wazi. Kama ratiba yako inaruhusu, epuka kilele cha msimu, wiki mbili kabla au baada bei mara nyingi zinashuka na watu wanapungua. Mashine ya kadi ugenini ikikuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, kwa sababu ukichagua ya kwenu wao ndo wanapanga kiwango cha kubadilishia na mara nyingi kinakuumiza. Tiketi mbili tofauti za kuunganisha zinaonekana nafuu, ila ya kwanza ikichelewa ya pili kwa kawaida imekufa na hakuna wa kukufidia, labda bima yako iseme hivyo, isome. Na chumba kinachoruhusu kughairi kikiwa ghali kidogo, mara nyingi huwa nakichukua, maana mipango inabadilika.

Hatua ya 8: Amua, alafu uheshimu uamuzi

Uwe nayo mbele yako: sentensi, bei kamili, miezi ya kinachobaki, hela ilipo, na njia ya bei ndogo. Lala nayo siku mbili. Ofa inayokunyima hizo siku mbili iache ipite.

Ukisema ndiyo, basi ukifika kule acha kuhesabu kila glasi ya maji. Umeshapanga, dharura imewekwa, kinyongo cha kila malipo kinakula safari yenyewe. Ukisema hapana, usiishie hapo, zile tarehe ulizofunga bado zipo, ziandikie mpango wa nyumbani wenye nguvu sawa: siku gani simu imezimwa, siku gani unatoka, nani anakuja. Bila mpango zitaliwa na shughuli ndogo ndogo na utarudi kazini umechoka ukidhani likizo haifanyi kazi kwako.

Hatua ya 9: Ipime ukiwa umerudi, lakini si siku unayorudi

Weka tarehe kwenye simu, wiki tatu baada ya kurudi, hapo msisimko umetulia. Bila kufungua picha, andika vitu vitano vya kwanza vinavyokujia. Alafu fungua matumizi yote na uone hivyo vitano viligharimu asilimia ngapi ya jumla. Unaweza kukuta sehemu kubwa ya raha ilikuwa kwenye sehemu ndogo ya hela, au ukakuta lile jambo moja la gharama kweli ndo linakuja la kwanza. Jiulize kama ungelipa tena kiasi kile kile kwa kitu kile kile. Muulize na uliyesafiri naye, kila mtu kivyake, kama mlivyofanya mwanzo. Yale malipo ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeyakumbuka yapigie mstari, ndo ya kukata kwanza mkianza kuweka akiba ya safari inayofuata.